Kugongana, Kuelekeana, Kumenyuka: Vitenzi vya Kiswahili katika Maelezo ya Kinetiki ya Kemia, kwa Mfano wa Chai ya Bungu, Usambara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua nadharia ya migongano katika kinetiki ya kemia, hususani nafasi ya ukubwa wa molekuli, na kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyoyabeba maelezo hayo. Mfano unaotumika ni badiliko la jani bichi la chai kuwa chai nyeusi, kazi inayofahamika katika ukanda wa Bungu kwenye Milima ya Usambara. Hoja kuu ni kwamba mjadala wa Kiswahili cha sayansi umeelemea zaidi upande wa nomino, yaani istilahi, ilhali mzigo wa maelezo ya kinetiki hubebwa na vitenzi. Makala yanaonesha kwamba hatua ambazo nadharia inazitenganisha, yaani kukutana, kugongana, kuelekeana na kumenyuka, zinatenganishwa pia na mfumo wa unyambuaji wa Kiswahili. Yanaonesha vilevile kwamba istilahi nne zilizozoeleka, kasi, kichocheo, kimeng'enya na uchachushaji, huweza kumpotosha msomaji zisipofafanuliwa.

1. Utangulizi

Mchumaji wa chai katika ukanda wa Bungu na Dindira hahitaji kuambiwa kwamba majani mabichi hayashindiliwi ndani ya kikapu. Jani lililopondeka hugeuka rangi na kuwa jekundu-kahawia kabla ya kufika kiwandani, na chai itokanayo nalo hushuka ubora. Jani lisilojeruhiwa hubaki kijani. Jambo lenyewe linajulikana. Kinachohitaji maelezo ni sababu yake. Vitu vinavyoligeuza jani rangi vimo ndani yake tangu likiwa mtini. Vimo ndani ya seli ileile, vikitenganishwa na umbali usiofikia unene wa unywele, na molekuli zake hazitulii hata kwa nukta moja. Hata hivyo, hakuna badiliko mpaka jani lipondwe.

Kitendawili hicho ni swali la kinetiki ya kemia, tawi la sayansi linalochunguza kasi ya mimenyuko na mambo yanayoiongoza. Jibu lake la msingi ni fupi: ili molekuli mbili zimenyuke, sharti zigongane. Ufupi huo ndio chanzo cha makosa. Msomaji anayeishia hapo hukisia kwamba molekuli kubwa, kwa kuwa ni rahisi kugongwa, humenyuka upesi zaidi; na kwamba joto huharakisha mmenyuko kwa sababu huongeza idadi ya migongano. Dhana ya kwanza ina ukweli kidogo sana, na ya pili hueleza sehemu ndogo mno ya kinachotokea.

Swali hilo lina upande wa lugha. Mwanafunzi wa Bungu husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na nadharia ya migongano kwa Kiingereza akiwa sekondari. Akirudi nyumbani na kutaka kueleza kwa nini jani lililopondwa hugeuka rangi, hukuta kwamba nomino si tatizo lake kubwa. Molekuli, atomu, nishati na mmenyuko ni maneno yaliyokwisha kuingia katika matumizi, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi wa kazi kubwa iliyofanyika. Kinachompa shida ni namna ya kuziunganisha nomino hizo ziwe maelezo: nani anamfanyia nini nani, kwa mpangilio gani, na kwa sharti lipi. Hiyo ni kazi ya vitenzi.

2. Kugonga na kugongana

Nadharia ya migongano iliundwa na Max Trautz wa Ujerumani mwaka 1916 na William Lewis wa Uingereza mwaka 1918, kila mmoja peke yake, katika miaka ambayo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imezikatisha njia za mawasiliano baina ya wanasayansi wa nchi hizo mbili. Wote wawili walijenga juu ya kazi ya Svante Arrhenius wa Sweden, ambaye mwaka 1889 alikuwa ameonesha uhusiano wa kasi ya mmenyuko na halijoto.

Katika umbo lake sahili, nadharia inazichukulia molekuli kama tufe ngumu. Tufe A yenye nusu kipenyo rA na tufe B yenye nusu kipenyo rB hugongana endapo vitovu vyake vitakaribiana hadi umbali wa rA + rB. Kwa hiyo shabaha ambayo A lazima ailenge ili agongane na B ni duara lenye nusu kipenyo hicho, na eneo lake ni π(rA + rB)². Eneo hilo laweza kuitwa eneo la mgongano. Idadi ya migongano kwa sekunde hupatikana kwa kuzidisha eneo hilo, mwendo wa molekuli moja kwa kulinganishwa na mwenzake, na wingi wa molekuli za kila aina.

Sarufi ya Kiswahili inagusa jambo muhimu hapa. Kitenzi gonga huhitaji mtenda na mtendwa: gari limeugonga ukuta. Kitenzi gongana, chenye kiambishi cha kutendana -an-, hakimpi yeyote nafasi hiyo ya upekee: magari yamegongana. Katika fizikia ya migongano, umbo la pili ndilo sahihi. Hakuna molekuli inayogonga na nyingine inayogongwa, kwa kuwa kinachoingia katika hesabu ni mwendo wa moja ukilinganishwa na wa nyingine. Sentensi kama "molekuli ya oksijeni huigonga molekuli ya katekini" si kosa la sarufi, lakini inaleta dhana ya mshambuliaji na mshambuliwa ambayo nadharia haina.

Kiswahili kina pia miundo miwili ya kutendana. Katika muundo wa kwanza washiriki wote huwa kiima: A na B zinagongana. Katika wa pili mmoja huwa kiima, na mwingine hufuata kiunganishi: A inagongana na B. Miundo hiyo miwili inalingana na njia mbili za kukokotoa. Mkokotoaji anapotafuta jumla ya migongano katika chombo, huzitazama molekuli zote kwa usawa, na muundo wa kwanza humfaa. Anapoanza kulijenga eneo la mgongano, huifuata molekuli moja na kuzichukulia nyingine kana kwamba zimesimama. Hapo muundo wa pili ndio unaosema anachokifanya, bila kufuta usawa wa washiriki. Kwa kuwa molekuli ni nomino isiyobadilika umbo katika umoja na wingi, upatanisho wa kisarufi ndio unaobeba tofauti hiyo: inagongana na, zinagongana.

Kisambaa, lugha ya wenyeji wa Usambara, kina kiambishi hichohicho cha kutendana kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bungu hubeba tofauti hiyo kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kufundishwa.

3. Ukubwa una maana ngapi?

Kivumishi kikubwa kinapoambatana na molekuli huficha sifa zaidi ya moja. Molekuli huweza kuwa kubwa kwa uzito, kwa kipenyo au kwa urefu, na kila sifa huathiri migongano kwa namna yake. Mfano wa makadirio unatosha. Tuseme kipenyo cha molekuli za gesi fulani kimezidishwa mara 2, na msongamano wa maada ndani yake haukubadilika. Eneo la mgongano litaongezeka mara 4. Lakini uzito utaongezeka mara 8, na katika halijoto ileile mwendo wa wastani utapungua hadi takribani 0.35 ya ule wa awali, kwa kuwa mwendo hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha uzito. Ukizidisha 4 kwa 0.35 utapata 1.4. Shabaha imepanuka mara nne, lakini migongano imeongezeka kwa asilimia 40 tu, kwa sababu kilicho kizito hujongea polepole.

Hewa yenyewe hutoa kipimo. Molekuli ya naitrojeni ina kipenyo cha takribani nanomita 0.37, yaani chini ya nusu ya sehemu moja ya bilioni ya mita. Katika halijoto ya nyuzi 25 za selsiasi na usawa wa bahari, kama ilivyo Tanga mjini, molekuli hiyo huenda kwa wastani wa mita 475 kwa sekunde, husafiri takribani nanomita 70 kabla ya kugongana na nyingine, na hugongana karibu mara bilioni 7 kila sekunde. Lushoto mjini, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, kanieneo ya hewa hupungua hadi takribani asilimia 85 ya ile ya pwani. Katika halijoto ileile, molekuli hiyo itasafiri karibu nanomita 80 kati ya mgongano na mgongano, na migongano yake itapungua hadi karibu bilioni 6 kwa sekunde. Kupanda kutoka Tanga hadi Lushoto huipunguzia molekuli migongano bilioni moja kila sekunde, na bado inabaki na mingi kuliko inavyohitajika ili vitu vyote vinavyoweza kuungua viungue mara moja. Kwa kuwa haviungui, idadi ya migongano pekee haiwezi kuwa maelezo.

4. Kukutana kabla ya kugongana

Jani la chai halikujaa gesi bali majimaji. Ndani ya majimaji molekuli hazirukii mbali. Kila moja imezingirwa na majirani na hujipenyeza kidogokidogo. Molekuli mbili zikishakaribiana, majirani wanaozizunguka huzizuia zisitengane upesi, hivyo hugongana tena na tena kabla ya kuachana. Wanakemia huita hali hiyo athari ya kizimba. Kwa msomaji wa Kiswahili, tofauti inayohitajika tayari ipo: molekuli hukutana mara moja, na katika kukutana huko hugongana-gongana. Kitenzi cha kwanza hutaja tukio, na cha pili, kwa uradidi wake, hutaja mfululizo uliomo ndani ya tukio hilo. Maelezo yanayotumia kugongana kwa yote mawili hupoteza tofauti ambayo hesabu inaitegemea.

Marian Smoluchowski alionesha mwaka 1917 jinsi ya kukokotoa kasi ya kukutana katika majimaji. Kasi hiyo hutegemea jumla ya nusu vipenyo vya molekuli mbili, na pia wepesi wa kila moja kujipenyeza. Wepesi huo nao hupungua kadiri molekuli inavyokuwa nene. Molekuli mbili zikiwa na unene sawa, athari hizo mbili hufutana kabisa: nene ni shabaha pana lakini ni nzito kujongea, nyembamba ni shabaha finyu lakini ni nyepesi. Kinachobaki katika kanuni ni halijoto na uzito wa mtiririko wa majimaji yenyewe. Kwa maji ya nyuzi 25, kikomo hicho ni takribani lita bilioni 7.4 kwa moli kwa sekunde, ziwe molekuli ndogo au kubwa.

Ukubwa hurudi katika hesabu pale tu molekuli moja inapokuwa nene kuliko mwenzake. Katika chai, katekini ni molekuli ndogo kiasi. Katekini sahili ina uzito wa molekuli wa 290. Kimeng'enya kinachoishughulikia ni protini yenye uzito wa makumi ya maelfu. Protini ikiwa nene mara 6 kuliko katekini, kanuni ya Smoluchowski hutoa kasi ya kukutana iliyo takribani mara 2 ya ile ya molekuli zenye unene sawa. Kwa tofauti kubwa kiasi hicho ya maumbile, mara 2 ni ongezeko dogo.

5. Kizingiti na kuelekeana

Migongano mingi haizai mmenyuko kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nishati. Kila mmenyuko una kizingiti, yaani kiwango cha nishati ambacho molekuli zinazogongana lazima zikifikie ili viungo vya zamani vilegee na vipya vianze kufungamana. Kwa kizingiti cha kilojuli 50 kwa moli, ambacho si cha juu, kati ya kila migongano bilioni moja katika nyuzi 25 ni takribani miwili tu inayokivuka. Halijoto ikipanda hadi nyuzi 35, mwendo wa molekuli huongezeka kwa asilimia 1.7 tu, kwa hiyo idadi ya migongano haibadiliki sana. Lakini migongano inayovuka kizingiti huwa zaidi ya mitatu kwa bilioni, karibu maradufu. Joto huharakisha mmenyuko hasa kwa kuongeza sehemu ya migongano inayotosha, na kwa kiasi kidogo sana kwa kuzidisha migongano.

Jiko la nyumbani Usambara linathibitisha jambo hilo. Lushoto, maji huchemka karibu na nyuzi 95 badala ya 100. Nyuzi 5 zinaonekana chache, lakini mmenyuko wenye kizingiti cha kilojuli 100 kwa moli hupungua kasi kwa takribani theluthi moja. Maharage yanayokawia kuiva milimani yanatii kanuni ya Arrhenius.

Sababu ya pili ni mkao. Molekuli halisi si tufe. Zina pande, na mara nyingi ni upande mmoja tu unaoweza kumenyuka. Hidrojeni na etini zinapogongana katika hali ya gesi, kasi inayopimwa ni takribani sehemu 1.7 kwa milioni ya ile ambayo hesabu ya tufe na kizingiti ingetabiri. Kiswahili kina kitenzi kinacholeta wazo hilo kwa usahihi: kuelekeana. Kitenzi elekea kinataja mwelekeo. Kikipewa -an-, kinadai kwamba kila mshiriki awe ameuelekeza upande wake kwa mwenzake. Haitoshi A ielekee B ikiwa B imegeuka. Kwa hiyo sharti la kuelekeana ni jina linalojieleza kuliko nomino nyingi za mkopo ambazo zingeweza kupendekezwa mahali pake.

Upo pia mfano wa kinyume. Potasiamu na bromini humenyuka kwa kasi inayozidi utabiri wa tufe karibu mara 5, kana kwamba shabaha ni pana kuliko molekuli zenyewe. Maelezo yake ni kwamba atomu ya potasiamu huirushia molekuli ya bromini elektroni kutoka mbali. Baada ya hapo moja ina chaji chanya na nyingine chaji hasi, na mvutano wa chaji huzileta pamoja. Wanakemia waliliita tendo hilo kwa jina la silaha ya mvuvi, na msomaji wa pwani anaijua: ni chusa. Elektroni ni ncha, mvutano ni kamba, na mawindo hayahitaji kuguswa kwanza. Katika mfano huu ukubwa unaohesabika ni masafa ya chusa, wala si unene wa mvuvi.

6. Jani la chai kama ushahidi

Sasa jani la Bungu linaweza kuelezwa. Katika seli ya jani bichi, katekini zimehifadhiwa ndani ya kilengelenge cha majimaji cha seli, na kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi kimo katika plastidi, nje ya kilengelenge hicho. Molekuli za kila upande hugongana bila kukoma, lakini hugongana na maji, na chumvi, na wenzao wa aina moja. Katekini na kimeng'enya hazikutani kwa sababu zimetengwa na utando. Kitendawili cha mwanzo kinafumbuliwa na kitenzi cha kwanza katika mfuatano: sharti la kukutana halijatimizwa.

Kiwandani, majani hunyaushwa kwanza kwa saa nyingi ili yapungukiwe na maji na kulainika. Kisha husokotwa au kukatwakatwa na mashine, na hapo ndipo utando wa seli huvunjika na vilivyotengwa huchanganyika. Oksijeni ya hewa nayo huingia. Tangu wakati huo saa ya kinetiki huanza kuhesabu. Katekini inapokutana na kimeng'enya, migongano mingi huangukia sehemu za protini zisizo na kazi. Panapofanya kazi ni mahali padogo penye atomu mbili za shaba, na katekini lazima iingie hapo kwa upande wa pete yake yenye makundi ya haidroksili yanayopakana. Sharti la kuelekeana linakuwa kali kuliko sharti la kugongana.

Katekini iliyooksidishwa huwa kwinoni, kitu chenye hamu kubwa ya kumenyuka. Kwinoni za aina mbili tofauti za katekini hufungamana na kuunda teaflavini, yenye uzito wa 564 katika umbo lake sahili, na hizo ndizo zinazoipa chai mng'ao wa rangi ya chungwa. Mabadiliko yakiendelea, huundwa tearubijini, ambazo ni kubwa zaidi na rangi yake ni nyekundu-kahawia. Ukubwa wa molekuli hapa ni zao la mmenyuko. Molekuli hukua kwa sababu zimefungamana, na jicho la mwonjaji huona ukuaji huo kama rangi.

Mwisho wa kazi hufuata kanuni zilezile. Halijoto ikiachwa ipande, uundaji wa teaflavini na ugeuzaji wake kuwa tearubijini vyote huharakishwa, na chai hupoteza mng'ao. Hewa ya milimani yenye ubaridi humpa msindikaji muda wa kuchagua mahali pa kusimama. Wakati ukifika, majani hupitishwa kwenye hewa ya moto sana mpaka maji yabaki takribani asilimia 3. Joto hilo kwanza huharakisha mmenyuko, kisha huuvunja umbo la kimeng'enya, na mahali palipokuwa na atomu za shaba hapana tena mkao wa kuelekeana na chochote. Ukavu nao huziondolea molekuli njia ya kujipenyeza, kwa hiyo hata zilizobaki hazikutani.

7. Istilahi zinazodai ufafanuzi

Maelezo haya yamepita juu ya maneno manne yanayostahili kuangaliwa upya. La kwanza ni kasi. Neno hilo hutumika kwa mwendo wa molekuli na pia kwa kiasi cha mmenyuko kwa muda. Sentensi "molekuli zenye kasi humenyuka kwa kasi" husikika kama kurudia jambo lilelile, ilhali inakusudia kuunganisha vitu viwili tofauti. Na kama ilivyooneshwa, badiliko la asilimia 1.7 katika kimoja huambatana na badiliko la karibu maradufu katika kingine. Inafaa mwendo au mwendokasi uachiwe molekuli, na kasi iachiwe mmenyuko.

La pili ni kichocheo, linalotokana na kuchochea. Anayechochea moto husukuma kuni ndani ili moto uzidi. Kichocheo cha kemia hakiongezi nishati wala hakiongezi migongano. Hutoa njia nyingine yenye kizingiti kifupi zaidi, na mwishoni hubaki kama kilivyokuwa. Neno limezoeleka na hakuna faida ya kulifuta, lakini mwalimu anayelitumia bila kulitenga na moto wa jikoni huwa amefundisha kinyume cha nadharia.

La tatu ni kimeng'enya. Mzizi wake unahusiana na kumeng'enya chakula, na ndiyo sababu wanafunzi wengi huvifikiria vimeng'enya kuwa viko tumboni tu. Polifenoli oksidesi haimeng'enyi chochote. Katika chai hufungua mlango wa kujenga molekuli kubwa kutoka zilizo ndogo. Jina limechukua kazi moja ya vimeng'enya na kuifanya jina la vyote. Upanuzi wa maana wa namna hiyo ni wa kawaida katika uundaji wa istilahi, lakini lazima utajwe wazi.

La nne ni uchachushaji, jina la hatua ambayo majani yaliyosokotwa huachwa yabadilike rangi. Kuchacha hufanywa na vijidudu, kama katika togwa au maziwa yaliyoganda. Hatua hiyo ya chai haihitaji kijidudu chochote; ni uoksidishaji unaoongozwa na kimeng'enya cha jani lenyewe. Kosa hili halikuzaliwa katika Kiswahili. Lilikuwa katika lugha za wenye viwanda tangu zamani, likatafsiriwa pamoja na mashine. Hapa tafsiri iliyo aminifu kwa neno imekosa uaminifu kwa jambo, na Kiswahili hakilazimiki kurithi kosa la wengine.

8. Hitimisho

Ukubwa wa molekuli una nafasi katika kinetiki, lakini nafasi hiyo ni finyu kuliko inavyodhaniwa. Katika gesi upana wa shabaha hupunguzwa nguvu na uzito, na katika majimaji hufutwa na ugumu wa kujipenyeza. Vinavyoamua zaidi ni kama molekuli zinakutana, kama nishati inatosha, na kama zinaelekeana.

Kwa upande wa lugha, mfuatano huo wa masharti unasemeka kwa Kiswahili bila kukopa kitenzi hata kimoja. Kukutana, kugongana na kuelekeana vyote ni vitenzi vya kutendana, kwa sababu masharti hayo yote ni ya usawa baina ya washiriki. Kumenyuka kina umbo la aina nyingine, linalofanana na pasuka na geuka, vitenzi visivyomtaja mtenda bali badiliko lenyewe. Mpito kutoka -ana kwenda -uka ni mpito kutoka yale ambayo molekuli hufanyiana hadi lile linalozitokea. Utafiti wa istilahi ukiendelea kuorodhesha nomino pekee, utajiri huo utabaki nje ya vitabu, na mwanafunzi wa Bungu ataendelea kuijua chai kwa lugha moja na kemia yake kwa lugha nyingine. Kamusi zijazo za sayansi zingefaa kuingiza vitenzi pamoja na minyambuliko yake, kila umbo likiwa na maana yake ya kitaaluma na sentensi ya mfano, kwa kuwa hapo ndipo maelezo yanapokaa.